Kwa mpwa wangu: jua lako halihitaji nyeupe zaidi

Mpwa wangu mpendwa,

Picha ya bahari uliyonitumia ina ukungu mzuri sana, ila jua lake limepauka. Kabla hujalifuta, itazame kwa makini "Impression, soleil levant" (yaani, taswira ya jua likichomoza), ambayo mchoraji Mfaransa Claude Monet aliichora mwaka 1872 bandarini Le Havre, Ufaransa. Ni ndogo, sentimita 48 kwa 63, na iko Paris katika makumbusho ya Marmottan Monet.

Igeuze kwenye simu iwe ya nyeusi na nyeupe. Jua karibu litoweke! Halikuchorwa jeupe kuliko anga. Linawaka kwa sababu rangi ya chungwa imekaa juu ya kijivu cha buluu chenye weupe uleule. Wewe uliongeza nyeupe ukitafuta mwanga, ukaiua chungwa.

Kwa hiyo anza na chungwa yenyewe, bila nyeupe. Kisha changanya ultramarini (buluu iliyokolea), nyeupe na chembe ya hiyo chungwa mpaka upate kijivu. Weka tone la chungwa juu yake, ufinye macho. Tone likionekana jeusi, anga lako ni jeupe mno; liking'aa, anga limezidi kiza. Rekebisha anga, usiguse jua. Anga lipake jepesi kwa tapentaini. Jua na mwako wake majini viwe vya rangi nzito, mguso mmoja tu, kisha ufute brashi. Ukirudia, kijivu kibichi kitapanda na chungwa itageuka matope.

Umesema unataka kumfuata Turner, mchoraji Mwingereza. Monet naye alizitazama kazi zake London, alikokimbilia mwaka 1870 wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia. Lakini angalia "The Fighting Temeraire", picha ya Turner ya mwaka 1839: pale jua ndilo lenye mwanga mkali. Kwa maoni yangu, Monet alichukua ule ukungu unaomeza vyombo, jua akalifanyia njia yake. Deni lake kubwa zaidi lipo kwa mchoraji Eugène Boudin, aliyemzoeza tangu ujanani kuchora nje, mbele ya anga lenyewe, na kwa mchoraji Mholanzi Jongkind. Watafute hao wawili kabla ya Turner.

Mashua zako zote tatu zina kiza sawa, ndiyo maana zimesongamana. Ya mbele iwe nzito, ya pili ipauke, ya tatu ibaki kivuli tu. Nyeusi ya chupani iache. Buluu na kijani vinatosha. Na ule mstari wa upeo wa macho, ufute kwa kitambaa kikavu ungali mbichi.