HARAMBEE YA DARI LA MADRASA, NGAMIANI TANGA: joto liko ndani jamani

Assalamu alaikum na salamu kwa wote, ndugu zetu wa Ngamiani mliopo hapa Tanga na mliohamia Dar, Mombasa, Maskati na kwengineko. Tumekuja tena. Mwaka jana mlitoa mpaka tukapata tangi la maji, na ndugu zetu Wakristo wa mtaani wakatuongezea simenti bila hata kuombwa mara mbili, kwahiyo kusema kweli kurudi na bakuli mkononi inatutia haya, ila haya haimpozi mtoto.

Shida ni chumba cha madrasa. Mnakijua, bati tupu juu, dari hakuna, madirisha mawili ya kuslaidi ambayo hata ukiyafungua yote nusu inabaki kioo, na upande wa pili ni ukuta wa jirani. Kaskazi iliyopita kamati iliazima kipimajoto tukakitundika usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa mkekani, saa tisa na nusu mchana. Simu zetu zilikuwa zinasema Tanga nyuzi 32. Ukutani kikasoma 38. Wapo waliosema kimeharibika, kikapelekwa nje chini ya mwarobaini kikashuka, kikarudishwa ndani kikapanda tena, basi ubishi ukaisha. Ile namba ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inapimwa nje, kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha upepo, haina habari na chumba chenye bati lililopigwa jua tangu asubuhi na watoto arobaini wamebanana.

Na hapo hujaongeza unyevu. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka, sasa Tanga hii hewa imeshiba maji ya bahari jasho litakaukia wapi, linachuruzika tu. Fungua daftari la mtoto yeyote pale uone, ukurasa umejikunja na alifu be te za mstari wa chini zimetapakaa wino sababu kiganja kilicholowa kimelala juu yake. Ustadhi anafundisha huku anajipepea kwa jalada la kitabu.

Ramadhani iliyopita (na miaka hii imeangukia humo humo kwenye kaskazi, Februari na Machi) binti mmoja mdogo aliyekuwa anajaribu funga yake ya kwanza alianza kusoma maneno hayaeleweki, wenzake wakacheka, ustadhi akadhani utani. Kumshika, mwili unaunguza. Akatolewa nje, akavuliwa ushungi, akamwagiwa maji, akina mama wakalowesha kanga wakawa wanampepea mpaka bajaji ikaja akakimbizwa hospitali. Alhamdulillah yupo na anasoma. Lakini tuambiane ukweli, mtu akianza kuropoka, kupepesuka au kuzimia kwenye joto hiyo si shetani wala si uvivu, ni mwili umeshindwa kujipoza, unampoza hapo hapo na unamkimbiza hospitali, na kama hajitambui usimnyweshe kitu. Kabla ya kufika huko kunakuwa na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Hapo ndo pa kuwahi, atoke ndani, anywe maji, apumzike, na kama amefunga afungue, dini yetu haijamtaka mtu ajiue.

Wengine mtasema sisi watu wa pwani joto tumelizoea. Tumelizoea tukiwa barazani na madafu! Chumba kilichofungwa hakizoeleki. Kule Kanada, jimbo la British Columbia, mwaka 2021 joto lilipiga kama wiki moja wakafa watu 619, na 98 kati ya kila 100 mauti yaliwakuta ndani, si juani, wengi wao wazee na wengi wanaishi peke yao. Wale nyumba zao zimejengwa kwa ajili ya baridi, sawa, lakini na sisi tuna bi wakubwa wangapi kwenye vyumba vya uani, sukari juu, presha juu, wengine wanameza vidonge vya kukojoza maji, dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi na mbu, na jiko la mkaa linawaka hapo hapo mlangoni? Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi 32 mchana na 24 usiku, hasa kwa vichanga na waliopita miaka 60. Hiyo 24 ya usiku kwetu ni ndoto tu, tofali zinatema joto mpaka usiku wa manane, lakini 38 ya mchana inapunguzika. Na feni nayo ina mwisho wake, hewa ikifika 40 inakupulizia moto tu, ndo maana hatukuja kuomba feni peke yake.

Tunachotaka: jipsamu, mbao na misumari 1,450,000, rangi nyeupe ya kupaka bati 320,000, kubadilisha madirisha yawe ya kufunguka yote 480,000, feni tatu 255,000, ufundi pamoja na matundu ya hewa juu ya dari 400,000, na vipimajoto kumi 250,000 vya kuweka kwa wazee wanaoishi wenyewe, vijana wa madrasa watapita kuvisoma mchana wa joto, nyumba ikizidi joto mzee anahamishiwa barazani kwa jirani. Jumla 3,155,000. Mkononi tuna 870,000. Bado 2,285,000.

Jamani kadi ya harusi ikija na laki imeandikwa kabisa tunatoa, sare ya kanga tunatoa, timu yetu ya mpira Coastal ikisafiri basi linajaa, African Sports nao hawajambo. Hatusemi mwache. Tunasema hawa watoto nao ni wenu, na baadhi yenu mlisomea chumba hiki hiki wakati kina makuti na upepo unapita, bati tulipoweka tulishangilia maendeleo. Kutoa ni moyo, elfu mbili tunapokea, na Mola atakulipa pasipo hesabu.

Hesabu yetu sisi lakini ipo: kila mchango utasomwa Ijumaa baada ya sala, risiti zitapigwa picha zitawekwa kundini, itakayobaki inaingia mfuko wa maji. Namba ya mweka hazina ipo kwenye bandiko la juu la kundi, usitume kwa namba nyingine hata ukiambiwa ni ya kamati.

Fundi anataka nusu kabla ya mwisho wa Novemba ili kaskazi ya Disemba isitukute bati tupu. Asiye na pesa alete mbao mbili mbili hata zilizotumika, mradi hazijaliwa na mchwa. Na mwenye ngazi ndefu aseme, ya msikitini imevunjika.