Vita vya Kongo havikuwa ugomvi wa makabila

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Kongo ya miaka ya sitini imenikosesha usingizi. Mwandishi ameiita vita ile "ugomvi wa makabila", kisha akapita zake. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, nimefundisha historia miaka 31, na vita hiyo ilitufikia mpaka uani. Naomba nafasi nijibu.

Mwaka 1965 nilikuwa na miaka tisa. Alfajiri moja marehemu baba, fundi wa mitumbwi, alikuja na mama wa Kibembe kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa mjamzito, na mtoto mgongoni. Wavuvi wa dagaa walikuwa wamemvusha usiku, karabai zote wamezima. Alikaa kwetu zaidi ya mwaka, tukamwita shangazi. Kila ndege iliponguruma ikija kutua Kigoma, shangazi alichota maji akamwaga kwenye mafiga. Moto ulizimika ugali haujaiva. Mama hakumgombeza hata mara moja. Kwao Baraka, moshi ndio uliokuwa ukiwaonyesha marubani mahali penye watu.

Marubani hao walikuwa nani? Wacuba waliomkimbia Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, wakaajiriwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kuipigania serikali ya Kongo. Na huku chini, kwenye milima ya Fizi, kulikuwa na Wacuba wengine zaidi ya mia moja, waliotumwa na Castro huyohuyo kuwasaidia waasi walioitwa Simba. Walianza kuvuka Aprili 1965 kutokea hapahapa Kigoma, wakiongozwa na mwanamapinduzi Che Guevara. Wakubwa wao walijipa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: Moja, Mbili, Tatu. Tatu ndiye Che mwenyewe. Mcuba angani, Mcuba ardhini, na anayezima moto ni mama wa Baraka. Kabila gani hapo, ndugu mwandishi?

Mambo yalianza kuharibika mapema. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960. Wiki mbili hazijatimia, Moïse Tshombe, mkuu wa jimbo la Katanga, akalitenga jimbo hilo na shaba yake, Wabelgiji wakiwa nyuma yake. Katanga hiyo ndiyo iliyotoa urani ya bomu la Hiroshima, kwa hiyo hakuna mkubwa aliyekuwa tayari kuiacha imwendee mwenzake. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikwenda kwanza Umoja wa Mataifa kuomba msaada. Alipoona Katanga hairudi, akaomba ndege na malori kwa Wasovieti, na Washington ikamhesabu adui. CIA ilipeleka sumu Leopoldville, Kinshasa ya leo, ili auawe. Seneti ya Marekani yenyewe ililieleza jambo hilo mwaka 1975. Sumu haikutumika. Alipigwa risasi Katanga 17 Januari 1961, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Familia yake imekuja kukabidhiwa jino lake moja tu, mwaka 2022.

Sisemi Wakongo hawakuuana wenyewe. Waasi wa Simba waliwachinja Wakongo wenzao huko Stanleyville, Kisangani ya leo, wasomi na makarani, na hilo halina utetezi. Lakini bunduki hazikuchimbwa pale. Za Kirusi na za Kichina zilipitia nchi jirani, yetu ikiwemo. Na tarehe 24 Novemba 1964 ndege za Marekani ndizo zilizowashusha makomandoo wa Ubelgiji Stanleyville. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, mkuu wa jeshi, Mobutu, akatwaa nchi, Marekani ikamshika mkono, akakaa mpaka 1997.

Ninachoomba, ndugu Mhariri, ni masahihisho, na yawekwe ukurasa uleule ilipotoka makala. Tena mtume mwandishi Ujiji na Kibirizi. Wapo wazee waliopiga makasia usiku ule, wachache, na mmoja wao tumemzika mwezi uliopita. Nitamtembeza mwandishi wenu nyumba kwa nyumba mimi mwenyewe. Binti wa shangazi, yule aliyezaliwa uani kwetu, naye yupo, anauza samaki mwaloni, na bado anayo sufuria ambayo mama yake alivuka nayo.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma