Barua kwa mwanangu mhadhiri: nakala za kaboni zilizomo kashani

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, mamako anakusalimu sana, na shukrani zetu kwa Mola hazina kiasi tangu usiku ule ulipotupigia simu ukatuarifu kwamba chuo kimekuajiri kuwa mhadhiri wa historia ya uandishi wa habari.

Wabaadu, katika simu ile uliniuliza swali ambalo sikulijibu, kwa sababu lilihitaji karatasi na utulivu. Ulitaka kujua iwapo magazeti ya zamani unayoyasoma kwenye nyaraka za taifa yanaweza kuaminiwa kuwa ushahidi wa mambo yaliyotokea huku kwetu. Mimi nimeyaandikia magazeti habari za Lamu kwa miaka 23, nikilipwa kwa kila habari iliyotoka, na jibu langu ni kwamba gazeti ni ushahidi wa kilichochapishwa. Baina ya hicho na kilichotokea pana bahari ya kuvuka.

Nilikuwa nikiandika kwa taipureta, nakala mbili, karatasi ya kaboni ikiwa katikati. Nakala ya juu iliondoka kwa mashua hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kisha ikapanda basi la Mombasa. Barabara ilipokatika kwa mafuriko ya Mto Tana, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1997, niliisoma habari nzima kwenye simu huku mtu wa upande wa pili akiandika kwa mkono. Ikifika, mhariri aliikata kuanzia chini, kwa kuwa ndivyo habari zinavyokatwa kila mahali nafasi inapokuwa finyu, na ndiyo maana sisi waandishi hufundishwa kuweka juu lililo zito. Lakini zito kwa nani? Juu hukaa mkuu wa wilaya na tamko lake. Maneno ya mvuvi wa Kizingitini aliyepunjwa bei ya kamba wake hukaa chini, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakianguka. Naikumbuka habari moja niliyoituma ikiwa na maneno yapatayo 400, ikatoka na 60, na katika hayo 60 hapakuwa na mvuvi hata mmoja. Mtafiti atakayelifungua gazeti lile leo atahitimisha kwamba Lamu ya zama hizo ilikuwa na wakuu wanaosema na wavuvi walionyamaza. Hawakunyamaza, mwanangu. Walisema, nami niliandika. Simlaumu mhariri kwa nia mbaya, maana ukurasa ulikuwa na mipaka yake, lakini mwanahistoria asiyejua jinsi ukurasa ule ulivyojazwa atauchukua ukimya wa karatasi akaufanya kuwa ukimya wa watu.

Jambo la pili latokana na hilo. Mihadhara mingi ya historia ya habari katika Kiswahili huanza na gazeti la Msimulizi, lililotolewa na wamisheni wa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, likafuata Kiongozi la Tanga mwaka 1904, halafu Mambo Leo la Dar es Salaam mwaka 1923. Yafundishe yote hayo, ni ya kweli. Ila mwaka uleule wa 1888 Wajerumani walifungua posta hapa Lamu, katika jumba ambalo watalii hulipiga picha mpaka leo, na watu wa mji huu hawakuanza siku hiyo kupelekeana habari. Walikuwa wakiandikiana barua kwa herufi za Kiarabu tangu enzi za mababu zao. Wakati wa Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilizokuwa zikipigana zilijibizana kwa mashairi, upande wa Mombasa mshairi Muyaka bin Haji, upande wa Lamu Bwana Zahidi Mngumi wetu, na katika mashairi yale mna vitisho, madai na hoja za siasa ambazo leo tungezisoma katika safu ya wahariri. Tunayo mashairi ya Muyaka kwa sababu miaka mingi baada ya kufa kwake Mwalimu Sikujua wa Mombasa alijitahidi kuyakusanya na kuyaandika. Ningependa wanafunzi wako wajue kazi hiyo ya Mwalimu Sikujua kama wanavyojua majina ya wenye mitambo ya kuchapa magazeti. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, alikuwa akiwaandikia wasomaji waliokwisha kuzoea kubishana kwa maandishi.

Najua ngazi iliyo mbele yako: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na kwamba kila kidato hudai makala katika majarida ambayo mengi yao ni ya Kiingereza. Panda, nami nitakuombea dua. Lakini usikubali kupanda kwa kurudia orodha ya magazeti iliyokwisha kuandikwa na wengine, wakati wazee waliobeba habari kwa vinywa vyao wanazikwa huku kila mwaka. Na lolote utakaloliandika kuhusu watu wa Faza au Siyu, liandike pia kwa Kiswahili, ili wao wenyewe waweze kukusahihisha.

Sasa kuhusu kasha. Nakala zangu za kaboni zimo humo zote, na nimeziondoa katika chumba cha chini kwa kuogopa mchwa na unyevu wa chumvi. Nimezifunga kwa kamba ya usumba katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la habari zilizotoka kama nilivyozituma, na ni jembamba. La pili ni la zile zilizokatwa. Kila nakala nimeibana pamoja na kipande cha gazeti chenye tarehe, ili uone kwa macho yako palipokatwa. Fungu la tatu halina vipande vya gazeti, kwa kuwa habari zake hazikutoka kamwe, nalo ndilo nene kuliko yote. Karatasi za humo zimekuwa nyepesi mno, basi uzifungue mezani, mbali na dirisha, na uanze na hilo.

Wasalaam,
Ni mimi babako