Unaongea Kiitaliano cha ufuoni? Kinachokukwamisha ni vitenzi

Wengi wanaojiandikisha kwenye darasa letu la Kiitaliano hapa Malindi hawaanzi na sifuri. Kiitaliano wanakiongea tayari. Wamekiokota ufuoni, jikoni mwa hoteli, kwenye tuktuk, au katika nyumba za Waitaliano wanakofanya kazi, na wengine wanakiporomosha hadi mgeni mwenyewe anaduwaa. Samaki wote wanawajua kwa majina, bei wanapatana, mzaha wanautia. Halafu siku moja inatangazwa nafasi ya mapokezi hotelini, au mtu anataka kuwa mwongoza watalii wa kuaminiwa na kundi zima, au ana mume Mwitaliano na karatasi za serikali zinadai cheti cha lugha. Hapo ndipo tunapoonana.

Tukimsikiliza kwa dakika tano, tatizo huwa lilelile. "Io andare domani." "Ieri lui venire." Maneno yapo, lakini kitenzi kimeachwa kama kilivyo kwenye kamusi: mimi kwenda kesho, jana yeye kuja. Anaeleweka, hilo hatukatai. Lakini hakuna meneja atakayemkabidhi simu ya hoteli.

Na lawama si zake peke yake. Mwitaliano akikutana na mtu anayemdhania hajui lugha, mara nyingi humrahisishia kwa namna hiyohiyo: "tu aspettare qui, io tornare", wewe kungoja hapa, mimi kurudi. Anadhani anakusaidia. Ukisikia hivyo msimu mzima, kuanzia Desemba mpaka wageni wapungue, utakosaje kuongea hivyo?

Mwenye bidii hununua kitabu cha sarufi, na kitabu kinamtisha. Kiitaliano kina hali saba za kitenzi: indicativo, congiuntivo, condizionale, imperativo, infinito, participio na gerundio. Indicativo pekee ina nyakati nane, congiuntivo ina nne, na ukizijumlisha zote kama zinavyohesabiwa mashuleni Italia unafika 21. Sehemu kubwa ya hizo ina nafsi sita kila moja. Tena kuna makundi matatu ya vitenzi, -are, -ere na -ire, na vile vikaidi visivyofuata kundi: essere, avere, andare, fare, venire, dire, uscire. Watu wengi huishia ukurasa huo.

Msimamo wetu ni kwamba mtu wa kazi hahitaji zote 21. Nyakati sita au saba zinambeba. Trapassato remoto, kwa mfano, mojawapo ya nyakati zilizopita, unaweza kuishi Roma mpaka uzeeke usiitamke hata mara moja. Tena mpangilio wa vitabu vingi haukutungwa kwa kumfikiria Mswahili: yanayomwia rahisi yamewekwa mwisho, na yanayomtega hayaelezwi kabisa.

Chukua umbo la kitenzi lenyewe. Sisi tunapanga kila kitu mbele ya mzizi: ni-ta-ongea. Wao wanapanga nyuma: parl-er-ò. Vipande ni vilevile, mzizi, wakati na nafsi, ila vimehamia upande wa pili. Na kama kwetu, nafsi ikishakaa ndani ya kitenzi, kiwakilishi hakina kazi. "Parlo" ni naongea. Ukisema "io parlo" umesema mimi naongea, kana kwamba kuna aliyebisha. Ndiyo maana wiki ya kwanza huwa tunapigana na "io". Mwanafunzi akishaiacha, analazimika kuutamka mwisho wa kitenzi sawasawa, maana hana tena pa kujificha.

Hapo unaingia mkazo, na hapa tunachukua muda mrefu kuliko shule nyingine. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, takriban kila neno. Kiitaliano nacho mara nyingi hufanya hivyo, na huo ndio mtego, kwa sababu unaanza kuamini ni sheria. PAR-lo, sawa. Par-LIA-mo, sawa. Par-LA-te, sawa. Ukifika kwa wao, ulimi wetu unasema par-LA-no, na hilo neno halipo. Ni PAR-la-no. Wanapiga simu ni te-LE-fo-na-no, mkazo silabi ya nne kutoka mwisho, jambo ambalo mdomo wa Mswahili unaliona kama matusi. Vitenzi vya -ere navyo vimegawanyika: ve-DE-re, sa-PE-re, vo-LE-re upande mmoja, PREN-de-re, LEG-ge-re, SCRI-ve-re upande mwingine, na maandishi hayakuonyeshi ni kipi kiko wapi. Kisha kuna parlo, naongea, na parlò, aliongea. Herufi zilezile, ila mkazo umehama na mwenye kitenzi amebadilika. Kwa hiyo tunapiga makofi: kofi moja kwenye silabi yenye mkazo, darasa zima kwa pamoja. Majirani wamezoea.

Jambo la pili tunalolikazania ni Lei, yaani namna ya kumwambia mtu kwa heshima. Mgeni mzee, daktari, mwenye nyumba ambaye hamjazoeana: huyo humwiti "tu", yaani wewe, na kitenzi chake kinakwenda nafsi ya tatu umoja, kana kwamba unamsema mtu mwingine. Unataka ni "vuoi" kwa rafiki, "vuole" kwa mheshimiwa. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa heshima. Anahitaji kufundishwa irabu, kwa sababu kwenye amri irabu hubadilishana nafasi. Katika sentensi ya kawaida ni "tu guardi", unatazama, na "Lei guarda" kwa heshima. Ukiamuru, rafiki anaambiwa "guarda!" na mheshimiwa "guardi!". Vitenzi vya -ere na -ire vinageuka kivyake: chukua ni "prendi" kwa rafiki, "prenda" kwa mheshimiwa. "Vieni" unamwita mtoto. Bibi wa watu unamwambia "venga, si accomodi", karibu, keti.

Katazo nalo lina njia yake. Kwa mtu mmoja unayemwita "tu" unatumia kitenzi cha kamusi: "non toccare", usiguse. Hapo angalau Kiitaliano cha ufuoni kinapatia! Kwa kundi ni "non toccate", na kwa Lei ni "non tocchi". Anayepeleka watu kwa mashua kwenye hifadhi ya bahari ya Watamu anayahitaji yote matatu kabla ya saa sita mchana, maana matumbawe na nyota za baharini zinawashawishi wengi.

Wakati uliopita hausumbui sana ukishajua kugawa. Vitenzi vingi husaidiwa na avere, yaani kuwa na: ho mangiato, nimekula. Vingi vya mwendo kama kwenda, kuja na kufika, pamoja na vya kujitendea, hutumia essere, yaani kuwa, na hapo mwisho unafuata mtenda: mwanamume "sono andato", mwanamke "sono andata", wanawake wengi "siamo andate". Sisi tuliozoea upatanisho wa ngeli hatuna haki ya kulalamika. Kuhusu imperfetto, wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea, tunatoa kanuni ya mkato: kama kwa Kiswahili ungesema nilikuwa nikifanya, tumia imperfetto. "Da piccolo pescavo con mio nonno", utotoni nilikuwa nikivua na babu. Kanuni hiyo inavuja kwenye vitenzi vya hali, kama nilijua au nilitaka, ambavyo mara nyingi ni "sapevo" na "volevo", lakini inakufikisha mbali. Passato remoto, ile ya "parlò", utaikuta vitabuni, na utaisikia kwa watu wa Sicilia au Toscana. Itambue ukiisikia, inatosha.

Sasa congiuntivo, ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Vitabu huichelewesha sana. Sisi tunaifundisha mwezi wa pili, kwa sababu tayari unaitumia kila siku. Nataka uje: ile -e ya mwisho si ya bure. "Voglio che tu venga." Ili aelewe: "affinché capisca." Kitenzi kinabadilika palepale tunapobadilisha chetu, kwa sababu ileile: jambo linatakiwa, halijatokea. Wazungu wengine hulitolea jasho hilo. Wewe umezaliwa nalo. Ila si bure yote. Baada ya "penso che" na "credo che" Kiitaliano sanifu kinadai congiuntivo, na sisi hatubadilishi kitu: nadhani amechoka, "penso che sia stanco". Nusu hiyo itabidi uisome.

Penye nge ndipo pana kazi. Ningekuwa na pesa ningenunua mashua: nge mbele, nge nyuma, mambo yamekwisha. Kiitaliano kinakataa ulinganifu huo. Upande wa "se", yaani kama, unakaa congiuntivo, upande wa matokeo unakaa condizionale, hali ya masharti: "se avessi i soldi, comprerei una barca". Kila mwanafunzi wetu anaanza na "se avrei", kwa sababu nge zake zinamvuta huko. Asione haya: ni kosa ambalo walimu wa Italia huwakemea watoto wao wenyewe. Ngali ni vivyo hivyo: "se avessi saputo, sarei venuto", ningalijua ningalikuja. Na kama utajifunza neno moja tu la condizionale, liwe "vorrei", ningependa. Ukiwa mapokezi hotelini, "voglio", nataka, inasikika kama amri.

Namna tunavyofanya kazi ni hivi. Anayekuja akiwa anaongea tayari hatumpi kitabu siku ya kwanza. Tunampigisha gumzo dakika kumi, tunarekodi kwa simu yake, kisha tunakaa naye na kuandika kila kitenzi alichotamka, jinsi alivyokitamka, na pembeni jinsi kilivyopaswa kuwa. Karatasi hiyo ndiyo mtaala wake. Mwingine tatizo lake ni Lei tu. Mwingine hajawahi kutumia wakati ujao maishani mwake, na hajaathirika sana, maana Waitaliano wenyewe husema "domani andiamo", kesho tunaenda, bila wasiwasi.

Vyeti hatutoi sisi. Tunakuandaa tu kwa mitihani inayotambuliwa, kama CILS ya chuo cha Siena, CELI ya chuo cha Perugia na PLIDA ya Jumuiya ya Dante Alighieri. Anayeomba uraia wa Italia kwa njia ya ndoa ajue kwamba tangu Desemba 2018 sheria inadai kiwango cha B1, yaani cha kati, na mtihani huo utataka uandike, si kuongea tu.

Darasa kuu tunalifungua wakati wa masika, hoteli nyingi zinapofungwa na watu wanapata nafasi. Masomo ni jioni, watu hawazidi wanane. Ada ni ya mwezi kwa mwezi kwa M-Pesa, na dakika kumi za kwanza za kurekodiwa hazilipiwi. Njoo na simu yenye chaji.