Folio namba 12

Dodoma,
22 Februari 2026

Dada Mkuu wangu,

Mbukwenyi! Najua huko Mwanza umeshazoea "mwangaluka" ya Wasukuma na hii salamu yetu ya Kigogo imeanza kukupotea, ndiyo maana nakukumbusha. Sisi huku wazima. Mama yako nilimpitia Jumapili baada ya ibada, nikamkuta anapalilia uwele wakati goti lenyewe halimtaki. Nikamwambia mama, pumzika. Akaniuliza kama magugu nayo yatapumzika. Ameuliza mara mbili unakuja lini. Nimemwambia amuulize mwanawe, mimi si katibu wako.

Sasa sikia kilichonifanya nitafute karatasi na kalamu badala ya kukurekodia sauti kwenye simu kama siku zote. Shule yetu inatimiza miaka 20 mwaka huu, na mkuu wa shule wa sasa ameunda kamati ya maadhimisho. Mimi nimetiwa humo kwa kosa moja tu, kufanya kazi masjala. "Wewe si ndiye mtu wa kumbukumbu?" Nikakabidhiwa rasimu ya historia ya shule, kurasa mbili, ninyooshe Kiswahili chake kabla haijaenda kwa mchapaji.

Nimeisoma mara tatu. Kila kitu humo kimejifanya chenyewe. Shule "ilianzishwa", madarasa "yalijengwa", maabara "zilikamilishwa". Hakuna aliyebeba jiwe. Wageni rasmi waliokuja kukata utepe ndio wametajwa kwa vyeo vyao vyote, mmoja kapewa mistari minne peke yake.

Hilo ningelimeza. Kuna jingine. Pale masjala kila karatasi inayoingia kwenye jalada tunaiandika namba pembeni juu, folio 1, folio 2, hivyohivyo mpaka jalada lijae. Mtu akichomoa karatasi, hata kama aliichomoa usiku akiwa peke yake, jalada litamsema tu: unafungua, unakuta 11, halafu 13. Rasimu yetu iko hivyo. Mwaka 2011 timu ya netiboli inacheza UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Aya inayofuata ni 2014, maabara. Mwaka wetu haupo. Kaka wakuu na dada wakuu wote wameorodheshwa kasoro wa 2012, na dada mkuu wa 2012 namjua mimi, alikuwa akinichongea kwa mwalimu wa zamu kwamba sikufagia.

Basi jana usiku nimeanza kuandika upya, tangu mwanzo.

Nimeanzia shambani. Kabla ya 2006 mtoto wa kata yetu akifaulu darasa la saba ilikuwa kama kushinda bahati nasibu. Nafasi zilikuwa mjini, Dodoma Sekondari, au kwa wasichana wenye vichwa vyao, Msalato. Waliobaki walichunga, au walipelekwa Dar kufanya kazi za ndani. Mpango wa MMES, ule wa maendeleo ya elimu ya sekondari, ulikuwa umeanza 2004, lakini kwetu ulisikika hasa Edward Lowassa alipoingia kwenye Uwaziri Mkuu na kuwakalia kooni wakuu wa mikoa: kila kata iwe na sekondari yake. Agizo lilifika, ila halikuja na ardhi. Yule mzee wa pale mbuyuni ndiye aliyemega shamba lake la karanga, hakudai hata senti. Rasimu inasema "eneo lilipatikana". Nimefuta. Nimeweka jina lake na la mkewe, kwa sababu aliyekuwa akililima ni mkewe.

Halafu mawe. Bibi yangu aligonga kokoto kiangazi kizima, amekaa chini ya mgunga na nyundo isiyo na mpini mzima, maana kila kaya ilidaiwa madebe yake na mtendaji alizunguka na daftari. Kidato cha kwanza wa kwanza kabisa walisomea kwenye vyumba viwili vya kuazima shule ya msingi, kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yanagonga kidevu. Sisi tulipoingia 2009 majengo yalikuwepo, tukajiona watoto wa bahati. Bahati yenyewe walimu sita shule nzima, na hisabati mikononi mwa yule kijana wa kozi ya mwezi mmoja, katoka kidato cha sita moja kwa moja mpaka ubaoni. Watu waliwacheka walimu wale, wakawaita vodafasta. Mimi siwacheki. Yeye alibaki. Wenye vyeti vyao waliripoti Jumatatu, wakaona vumbi na chumba cha kupanga kisicho na maji, Ijumaa wakapanda basi.

Unalikumbuka lile jedwali la elementi? Mwalimu wa kemia alipasua mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi, akaigeuza ndani nje, akaishona minne kwa sindano ya magunia, akachora kila kitu kwa mkono. Kwenye Haidrojeni palikuwa na doa la mafuta ya taa. Kila alipolifungua, unga wa saruji uliruka, darasa likapiga chafya mpaka safu ya nyuma. Wiki iliyopita nimelikuta stoo. Panya wamekula upande wa kulia wote, kuanzia Klorini. Nimeomba lisitupwe.

Haya, mwaka wenyewe. Sijui kama nawe unakumbuka kama ninavyokumbuka mimi. Tarehe 18 Februari 2013, tumejazana kwa yule kaka wa njia panda mwenye simu ya intaneti, anatoza shilingi 500 kwa kila namba ya mtihani. Ukurasa wa shule yetu ulishuka mstari kwa mstari, 0, 0, 0. Nikadhani simu ndiyo imeharibika. Kufika namba ya kumi yule kaka aliacha kupokea hela. Hatukujua kwamba nchi nzima ilikuwa inaitazama safu hiyohiyo, watahiniwa zaidi ya 240,000, asilimia 60 na ushee, wamepata sifuri. Sisi tulijua ni sisi. Nilipofika nyumbani baba hakunigombeza. Alisema "haya", akaenda kufunga mbuzi, na mbuzi walikuwa wameshafungwa.

Baadaye Waziri Mkuu Pinda aliunda tume, na tarehe 3 Mei tangazo likasomwa Bungeni, hapahapa Dodoma, mwendo wa daladala moja tu kutoka kwetu: matokeo yafutwe, yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Ya pili yalipotoka mimi nikaokota divisheni ya nne. Yako yakabaki palepale. Lakini wakati huo tulikuwa tumeshaanza zamani. Hapo ndipo ilipo folio namba 12, na ndipo ninapokuhitaji.

Nimeandika hivi, unisahihishe. Wiki iliyofuata baada ya matokeo ulivaa sare ya shule, ingawa hukuwa mwanafunzi tena, ukaenda ofisini kuomba boma la maabara. Lilikuwa limesimama kwenye lenta, halina bati, halina mlango, mbuzi wa jirani wanalala humo. Mkuu wa shule wa wakati ule alikutazama, akasema, "Sijasikia ulichosema." Ndiyo ikawa ruhusa yenyewe. Tulikuwa 14. Siku ya kwanza hatukusoma neno, tulizoa samadi. Kiranja wa usafi, kama kawaida, alikuwa mimi. Saa 10 jioni mwalimu wa kemia alikuja na lile jedwali lake, tukaligandamiza ukutani kwa mawe kwa sababu ya upepo, jua likizama tukawasha chemli. Alifundisha Kiingereza cha mtihani kwa Kiswahili, pengine kwa Kigogo, na kwa mara ya kwanza mimi nikaelewa kumbe molekyuli ni nini. Miaka minne nilikuwa naikariri tu kama jina la mtu nisiyemfahamu. Hakulipwa. Tulimpa mayai na ubuyu, siku moja jogoo, ambaye alimtoroka njiani.

Novemba walifika tisa. Hakuna hata mmoja aliyerudi na sifuri. Ada ya mtihani ulipata kwa kuuza ubuyu stendi, nimeiandika hiyo pia, ukitaka nitaitoa.

Unajua kinachoniuma kwenye ile rasimu? Ukurasa wa pili, chini ya "mafanikio", wameisifu kambi ya jioni ya kidato cha nne. Ina taa za sola, ina uji, wazazi wa mjini wanahamishia watoto kwetu kwa ajili yake. Imeandikwa "ilianzishwa". Nani aliianzisha? Wale wa kidato cha nne wa 2013 waliokuwa wanatuchungulia dirishani, mwaka uliofuata wakaomba boma nao, basi, ikaendelea.

Yaliyofuata nimeyapitia haraka. Agizo la Rais Kikwete la maabara tatu kila shule ya kata, lile la Singida 2012, ndilo lililoliezeka boma letu, na wazazi wakachangishwa tena. Mwaka 2016 ada ikafutwa, zile shilingi 20,000 ambazo kwa mama yangu zilikuwa mbuzi mzima, na Januari ile wakaja watoto mpaka wakakaa chini. Halafu Serikali ikahamia Dodoma, 2019 ofisi zikafunguliwa kwenye Mji wa Serikali, Mtumba, na kata yetu ikageuka. Ungekuja leo ungepotea. Pale tulipopita katikati ya uwele kuna maghorofa mawili na duka la vigae. Fedha za UVIKO-19 zilipokuja mwisho wa 2021, milioni 20 kwa chumba, tulipata vyumba vinne, vina sakafu ambayo ukiangusha sarafu unaisikia. Watoto wanaongea Kiswahili cha Dar. Nilimuuliza mmoja mbuyuni ni wapi, akaniuliza kama ni jina la baa.

Kamatini walinisikiliza, siwezi kusema hawakunisikiliza. Mjumbe mmoja aliuliza mgeni rasmi akisoma habari za sifuri atajisikiaje. Huyo sikuhangaika naye. Ila mwalimu mmoja mstaafu alisema neno lililonikalisha kimya: shule ina haki ya kusema ilifeli, lakini haina haki ya kusema fulani alifeli. Hapo alinipata. Siwezi kukuweka kwenye kijitabu watu wote wakakusoma eti kwa sababu mimi ndiye mwenye kalamu.

Kwa hiyo nakuuliza. Naweza kuandika jina lako? Uliwahi kuniambia shemeji anajua ulimaliza 2013, na si uongo, cheti kinasema hivyo. Lakini sijui kama anajua ya 2012, wala sijui wateja wako watakuchukuliaje. Ukikataa nitaandika "dada mkuu wa mwaka huo", basi, watakaokujua wajue. Ukikubali nataka na picha. Ile tuliyopigwa mbele ya boma, wewe umeshika chemli, iko kwako. Yangu ilishikamana na kioo cha fremu, nilipoivuta uso wako ukabaki kwenye kioo.

Mchapaji anataka kazi tarehe 20 Machi. Kamati inakutana tarehe 14, nikienda mikono mitupu wataipitisha ile ya kwanza, nawajua. Nipigie, usiandike, barua yako itafika mwezi wa tano.

Ubuyu nitakutumia kwa basi la Alhamisi, umo ndani ya ndoo nyeupe pamoja na mlenda wa kukausha wa mama yako. Ndoo ni yangu, irudi.

Wako,
Kiranja wa Usafi