SQL ina lahaja: tuogope zaidi amri zisizolalamika

Mhariri,

Mara nyingi habari za kuhamisha mifumo huandikwa kana kwamba SQL, lugha ya kuandikia amri za kanzidata, ni ileile kila mahali, na kazi iliyobaki ni kubeba data tu. Naomba nafasi nipinge.

Kiwango rasmi cha SQL kipo tangu 1986, lakini kila kanzidata ina lahaja yake. Ukitaka mistari kumi ya kwanza, PostgreSQL, MySQL na SQLite wanataka LIMIT 10, SQL Server anataka TOP 10, na kiwango cha 2008 kinasema FETCH FIRST 10 ROWS ONLY, ambayo MySQL anaikataa. Hilo halinitishi. Amri ikikataliwa unaiona papo hapo, unairekebisha, yamekwisha.

Balaa ni amri inayopokelewa kote huku jibu likibadilika. Tuchukue jina || ' ' || jina_kati || ' ' || ukoo, ambamo || kwa kiwango huunganisha maneno. Katika kanzidata ya Oracle, mtu asiye na jina la kati hutoka na majina yake mawili, kwani NULL (alama ya thamani isiyokuwepo) hurukwa wakati wa kuunganisha. Ipeleke amri hiyohiyo PostgreSQL, na NULL moja inafuta jina zima. MySQL ndiye kiboko: kwa mipangilio yake ya kawaida || ni OR ("au" ya kimantiki), kwa hiyo 'Asha' || 'Juma' inakupa 0, pamoja na onyo ambalo programu nyingi hazilisomi kabisa. Ili jibu liwe moja kwa Oracle na PostgreSQL, dawa ni COALESCE(jina_kati, ''), inayoweka neno tupu mahali pa NULL. Kwa MySQL tumia CONCAT, na COALESCE ibaki humo ndani, maana CONCAT yake nayo humezwa na NULL.

Oracle pia huhesabu neno tupu ('') kuwa NULL, na NULL hailingani na chochote kwa =. Kwa hiyo WHERE simu = '' haitarudisha hata mstari mmoja huko.

Kugawanya nako kuna mtego wake: 7/2 ni 3 kwa PostgreSQL na SQL Server, ila ni 3.5 kwa MySQL na Oracle. Andika 7/2.0 na nusu haitapotea popote. Kwa safu za namba kamili, tumia CAST kuzigeuza DECIMAL (namba zenye desimali) kabla ya kugawanya.

Wapo wanaosema ORM, maktaba inayoandika SQL kwa niaba ya programu, itawaokoa. Itawaandikia LIMIT au TOP ipasavyo, lakini haitawaambia kwamba 'ASHA' na 'asha' kwa kawaida ni sawa katika MySQL na SQL Server, na ni tofauti katika PostgreSQL. Matokeo yake, baada ya kuhama mtu mmoja anaweza kujisajili mara mbili kwa baruapepe ileile, na UNIQUE, sharti la kukataa thamani inayojirudia, isimzuie.

Kabla ya kuhama, tafuteni ndani ya msimbo kila ||, kila alama ya kugawanya na kila = ''. Kisha endesheni amri hizo pande zote mbili na mlinganishe idadi ya mistari na jumla za safu za namba. Data ya majaribio iwe na NULL, maneno matupu, namba witiri na herufi kubwa zilizochanganywa na ndogo. Bila hivyo majaribio yatafaulu yote na hitilafu zitabaki palepale.

Mhandisi wa kanzidata