YAH: MALALAMIKO – KUTOBOA SAMPO YA GIA BOKSI IKIWA IMEFUNGWA KWENYE GARI

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, naomba barua hii uisome mwenyewe. Usimpe meneja wako wa karakana aijibu, kwa sababu inamhusu yeye.

Gari ni Jeep Grand Cherokee ya 2001, injini ya lita 4.0. Mnajua kuwa sampo ya gia boksi yake, lile bakuli la oili la chini, haina bolti ya kumwagia oili. Kila ukibadilisha unafungua bolti 14, na sampo ikiachia upande mmoja oili inakutiririkia mpaka kwapani. Nilichoka. Nikanunua bolti ya kumwagia, washa zake na nati ya kukaza kwa ndani, nikawaletea Jumanne. Niliagiza, na mliandika: sampo ishushwe, itobolewe mezani, ioshwe, na tundu likae mbali na filta.

Fundi wenu alilala chini ya gari na drili akaitoboa pale pale ilipo. Kisha akakata nyuzi za bolti kwenye bati lenyewe, bati jembamba lile, akasokomeza bolti. Nati ya ndani niliikuta kwenye dashibodi, mfuko wake haujafunguliwa hata kidogo. Mlinitoza 180,000 na risiti ya EFD ninayo.

Jumatatu nilikuja kwenu kwa adabu, na chenga za chuma kwenye karatasi ya tishu. Meneja wako alinipokonya ile tishu, akaitupa kwenye pipa la taka na kuniambia, "Mama, mlete mzee ndiyo tuongee mambo ya gari."

Chenga zilitoka wapi? Jumapili asubuhi nilikuta dimbwi jekundu kwenye sakafu ya uani. Fundi wa mtaani kwetu, anayefanya kazi chini ya mwembe, akaishusha sampo. Sumaku ya ndani ilikuwa imeota ndevu. Vinyuzi vya chuma vipya, vinang'aa, vimejikunja, na vingine vinaelea kwenye oili. Tangu Jumamosi nilipolichukua, gari lilikuwa linachelewa kuitika nikiweka D. (Hata oili mliipima gia ikiwa P. Gia boksi hii hupimwa ikiwa N, injini inawaka. Fundi wa mwembeni analijua hilo.)

Narudia ya Jumatatu, maana sidhani kama umeambiwa. Mapokezi palikuwa na wateja watano. Niliikunjua tishu juu ya kaunta nikasema, "Kaka, tazama." Hakutazama. Aliishika kwa vidole viwili kama anaokota mjusi aliyekufa, akaitupa, akasema mlete mzee. Kijana mmoja kwenye benchi akacheka. Kadi ya gari hilo ina jina langu, na nimelihudumia kwa fedha yangu miaka tisa. Niliinama mbele ya watu wote nikaitoa tishu yangu kwenye pipa, kati ya maganda ya machungwa. Ninayo mpaka leo, kwenye kopo.

Nilipoianza barua hii nilitaka mnirudishie 180,000 na mninunulie sampo mpya, filta na oili sahihi ya ATF+4. Sasa naona haitoshi. Gia boksi yote ifunguliwe na kusafishwa kwa gharama zenu, na fundi nimchague mimi. Na meneja wako aniombe radhi pale pale kaunta, si kwa simu.

Nawapa siku saba. Baada ya hapo nakwenda Tume ya Ushindani, kisha mahakamani, na kopo langu, ile nati ndani ya mfuko wake, na sampo yenye tundu lenu. Gharama za wakili zitakuwa juu yenu pia.

Gari liko nyumbani juu ya mawe. Silisogezi. Leteni bredauni.

Wenu mteja,
Tabata, Dar es Salaam